Kucheka na Mtu, Kumcheka Mtu

Siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, bibi yangu alikuwa na hofu moja tu: kukosa mgeni. Wali wa nazi ulikuwa umeshapakuliwa kwenye sinia, mchuzi wa kuku umefunikwa kwa kawa, na nyumba ilijaa wajukuu tuliotoka mjini alfajiri na gari ya 310. Sisi hatukuwemo katika hesabu. Kwa watu wa Makunduchi mjukuu hawi mgeni hata akae mjini miaka kumi, na mwenye kula chakula cha Mwaka bila mgeni huonewa huruma, kama mtu aliyefikwa na jambo. Basi bibi akatoka kibarazani, mkono mmoja ameshika nguzo, akawa anaitazama njia.

Aliyempata ni kijana muuza malai, kasha la barafu begani, mbio mbio anawahi uwanjani kwenye watu. "Mwanangu, karibu chakula." Kijana akashukuru, akasema yumo kazini, malai yatayeyuka. Bibi akamuuliza yamebaki mangapi. Akafungua fundo la kanga, akayanunua yote kumi na moja, tukagaiwa wajukuu pale pale, na kijana akabaki hana sababu. Alikula huku kasha tupu kalibana katikati ya magoti. Bibi akaanza kumhadithia habari za jogoo aliyekuwemo kwenye mchuzi: alivyowafukuza watoto wa jirani, alivyoingia uani mwa msikiti siku ya Ijumaa akawika khatibu yuko juu ya mimbari. Kijana akacheka mpaka akapaliwa, punje za wali zikamtoka puani. Akaona haya, haya zake zikatuchekesha zaidi, mwisho naye akajicheka. Alipoondoka, bibi alikaa chini, akanyoosha miguu, akasema: "Haya. Mwaka umeingia."

Chakula kilikuwepo, wajukuu tulikuwepo, vicheko vilikuwepo tangu asubuhi. Kilikosekana nini mpaka akaitwa mtu ambaye hata jina lake hatulijui? Swali hili limenikaa kichwani miaka mingi, kwa sababu linapingana na namna tulivyozoea kuitazama furaha. Tunaiweka mwisho wa orodha: kwanza kazi, kwanza ada ya skuli, kwanza bati la nyumba, kikibaki kitu ndipo tufurahi, na kikizidi ndipo tufurahi na wengine. Bibi hakuwa na bati. Nyumba yake ilikuwa ya makuti. Hata hivyo mgeni wa Mwaka alikuwa miongoni mwa vitu visivyokosekana, pamoja na maji na chumvi. Nadhani alikuwa ameshalielewa jambo ambalo wataalamu wamelifikia kwa njia ndefu, na nataka kulifumua hapa pamoja na mafundo yake, maana mafundo yapo na mengine yanauma.

Tuanze na maneno, kwani Kiswahili chenyewe kimeshafanya nusu ya kazi. Tuna furaha, raha, starehe, burudani, bashasha, shangwe, na kila moja lina mahali pake. Raha, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mapumziko, mwili umeacha kuhangaika. Unaweza kuipata peke yako, umelala, mvua inapiga juu ya bati. Burudani imezaliwa nyumba moja na baridi. Kumburudisha mtu ni kumpoza, ndiyo maana maji ya dafu yanaburudisha sawasawa na wimbo. Shangwe je? Mfikirie mtu kajifungia chumbani peke yake anafanya shangwe, utamwitia watu. Na kigelegele hupigwa ili mwingine akidake, akipeleke mbele.

Lakini somo kubwa limo katika kitenzi tunachokitumia kila siku bila kukitazama. Kucheka na mtu ni jambo moja. Kumcheka mtu ni jambo jingine kabisa. Ile "na" inamweka mwenzako ubavuni, mnaangalia upande mmoja. Ile "m" inamweka mbele yako kama shabaha. Mtoto wa miaka minne anaijua tofauti hii. Akirudi chuo cha Kurani analia hasemi "wamecheka na mimi", anasema "wamenicheka". Nitaishika hii "na" mpaka mwisho, maana karibu kila utata wa furaha ya pamoja unapitia hapo.

Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani, aliacha maabara akaenda kuwasikiliza watu wanapocheka katika maisha yao ya kawaida, madukani na barabarani. Yeye na wanafunzi wake waliandika vicheko 1,200 na maneno yaliyovitangulia. Walitegemea vichekesho. Walichokikuta ni maneno makavu kabisa, mfano wa "haya, tutaonana baadaye" au "una hakika?". Kicheko kilichofuata kitu cha kuchekesha hasa hakikuzidi kimoja katika vitano. Na walipoangalia watu wanavyocheka wakiwa pamoja na wakiwa peke yao, mbali na redio na televisheni, wakaona kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake.

Anayetaka kuyathibitisha haya aende Jaws Corner, Mji Mkongwe, baada ya alasiri, akae na kikombe chake cha kahawa asikilize. Dhumna imewekwa mezani. Mzee mmoja anainua kete juu, anaipigiza kwenye ubao kishindo kinasikika mpaka uchochoro wa pili, anasema "Haya, lala na hiyo!", na watu sita wanaangua kicheko. Hakuna kichekesho pale. Maneno yale yale ukienda kuyasema kwako, mkeo atakutazama tu. Kicheko kile kilikuwa ni namna ya kusema: nipo, nimekuona, na wewe umo.

Kwa nini mwili utumie nguvu zote hizo kwa ujumbe mdogo namna hiyo? Hapa inafaa twende msitu wa Jozani kidogo. Kima punju wakishiba hukaa juu ya matawi wakasafishana manyoya, mmoja anainamisha kichwa, mwingine anapekua taratibu kwa vidole. Usafi ni sehemu tu ya kazi ile. Kwa wanyama wa jamii ya kima na nyani, kupekuana manyoya ndiko kunakojenga urafiki, na mguso ule huamsha mwilini endofini, kemikali inayotuliza maumivu na kumfanya mnyama ajihisi salama karibu na mwenzake. Tatizo la kupekuana ni mikono: unaweza kumshughulikia mmoja tu kwa wakati mmoja. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford anasema binadamu, ambaye makundi yake ni makubwa kuliko ya kima, alihitaji njia ya kuwapekua wengi kwa mara moja bila kuwagusa. Kicheko ni njia mojawapo. Kinawafikia watatu wanne kwa pamoja. Wimbo unafika mbali zaidi, na ngoma inaweza kuubeba mji mzima.

Dunbar na wenzake walilijaribu hili mwaka 2011 kwa njia ambayo bibi yangu angeiona ya ajabu. Waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakawavisha mkononi kifuko kilichogandishwa barafu, kile cha kupozea chupa za mvinyo, au wakawabana mkono kwa kipimo cha presha, kuona nani atavumilia mpaka lini. Waliokuwa wamecheka walivumilia zaidi kuliko waliotazama vipindi vya kawaida. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, waliwapiga picha za ubongo watu waliokuwa wametoka kucheka na rafiki zao, wakaona dawa zile za ndani ya mwili zimemwagwa kwelikweli. Na huko Brazili, katika utafiti uliochapishwa 2015, wanafunzi wa sekondari waliocheza kwa mwendo mmoja walivumilia maumivu zaidi, na wakajihisi karibu zaidi na wenzao, kuliko waliocheza kila mmoja na lake.

Aliyewahi kuingia ndani ya beni hahitaji kubanwa mkono. Tarumbeta linalia mbele, ngoma inafuata, na nyuma yake wanawake wa sare moja wanashuka mtaa mzima kwa hatua moja, kiuno kimoja, jasho moja. Kuna mama katika mtaa wetu ambaye goti lake lilimpa tabu miaka. Kupanda ngazi ya nyumba yake ilikuwa kazi ya robo saa. Beni likipita alikuwa barabarani. Watu wakisema anajifanya mgonjwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilimkosea. Goti liliuma kweli nyumbani, na liliuma kidogo kweli ndani ya beni.

Mambo haya hayaishii kwenye maumivu ya jioni moja. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye mahusiano ya karibu na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko wenye mahusiano hafifu. Utafiti ule ulipima mahusiano kwa jumla, haukupima vicheko, kwa hiyo tusiseme kwamba dhumna inarefusha umri. Lakini mahusiano hayajijengi yenyewe. Yanajengwa kwa mambo madogo ya kurudiwarudiwa, na wanaume wengi wa hapa kwetu jambo lao dogo ni lile: saa kumi na nusu, baraza ile ile, kete zile zile. Mzee akistaafu watoto wake wakamhamishia nyumba mpya ya nje ya mji, yenye ukuta na geti, kwa mapenzi kabisa, wasije wakashangaa akinyamaza. Wamempa raha, wamemwondolea kicheko.

Sasa mafundo. La kwanza ni kwamba kicheko huambukiza, na kinachoambukiza hakichagui. Tarehe 30 Januari 1962, katika skuli ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Kikaenea. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95, na mwezi Machi skuli ikalazimika kufungwa. Habari hii hupenda kusimuliwa duniani kama kioja cha kufurahisha. Haikuwa na furaha hata chembe: wasichana walikuwa wakicheka na kulia, wengine wakihangaika, na madaktari walioandika habari zake hawakuona ugonjwa wowote wa mwili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulikuwa msongo wa nafsi uliotafuta mlango wa kutokea. Kwa hiyo mtu asihesabu vicheko akadhani anahesabu furaha. Mdomo unaweza kufanya kazi ya furaha na moyo haumo.

Fundo la pili ni gumu zaidi, na hapa narudi Makunduchi. Mwaka Kogwa unafuata hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Kiajemi, na huangukia Julai. Mgeni akifika uwanjani asubuhi anaweza kudhani kaingia kwenye vita. Wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa vigogo vya migomba, wanakimbizana, vumbi linapanda. Wanawake wamevaa nguo zao bora, wanazunguka wakiimba nyimbo za kuchokozana, na nyingine zina maneno ambayo siku ya kawaida yasingetamkwa mbele ya mkwe. Kibanda cha makuti kinatiwa moto na mtu yumo ndani, akatoka mbio. Na hii ndiyo siku ya furaha kuliko zote.

Furaha gani hii ya vipigo na matusi? Wazee wanasema vile vigogo vinamaliza vinyongo vya mwaka mzima, na sioni sababu ya kuwapinga. Lakini tazama masharti yake. Kuna siku maalumu, kuna uwanja, kuna mwanzo na mwisho, na kigogo cha mgomba ni kitu laini chenye maji, kinauma bila kuvunja. Juu ya yote, anayepiga anapigwa. Kila mtu ana zamu. Kiswahili kinalijua hili tena: kupiga kunageuka kupigana, kutania kunageuka kutaniana. Ule mkia mdogo wa "-ana" ndio unaolinda mchezo usigeuke kuwa dhuluma.

Nimekuja kuamini kwamba zamu ndiyo kipimo. Ukitaka kujua kama watu wanacheka na mtu au wanamcheka, angalia kama anayechekwa ana nafasi ya kurudisha. Kibati cha Pemba kimesimama juu ya hilo: waimbaji wanajibizana maneno ya papo kwa papo, mmoja akirusha mwingine ameshapokea, na hadhira inamngojea aliyepigwa kombora ajibu. Akijibu vizuri ndiye anayeshangiliwa. Hata katika mchezo wa ng'ombe wa kule kule Pemba, ng'ombe hachomwi mkuki wala hauawi. Anachokozwa, anakimbiza watu, watu wanaparamia miti, na jioni anarudishwa zizini kwake. Linganisha na mtoto mwenye kigugumizi darasani anayeigizwa na wenzake thelathini. Naye anaambiwa "ni mchezo tu, cheka na wewe". Hana zamu. Mwalimu anayecheka pamoja nao anakuwa wa thelathini na moja.

Taarabu nayo imejengwa juu ya utata huu, na imeubeba vizuri kuliko sanaa yoyote ninayoijua. Neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya kile kinachomshika mtu moyoni anaposikiliza muziki mpaka akatoka nje ya nafsi yake. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kusoma muziki Misri, na kwa muda taarabu ikawa burudani ya jumba la kifalme: raha ya wachache waliokaa kwenye mazulia. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwan Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwanamke aliyeingia mjini kuuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida, akaishi Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na nyumba yake ikawa mahali pa watu kukutana. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Ng'ambo ikasikika pwani nzima. Kwangu mimi huo ni mfano mkubwa kuliko wote tulionao visiwani wa furaha kutolewa sebuleni ikawekwa barazani.

Na ndani ya taarabu kuna kutunza. Wimbo umepamba moto, mwanamke anainuka kitini, anakwenda mbele kwa mwendo wa kucheza, noti imeinuliwa juu kwa vidole viwili ionekane na ukumbi mzima, anamtunza mwimbaji, anarudi taratibu. Nani kaguswa na ubeti ule, na kwa nini kainuka kwenye mstari huo na si mwingine? Pengine kafurahi tu. Pengine anamjibu mtu aliyekaa safu ya tatu. Furaha na kijembe vimevaa nguo moja, na kila mtu ukumbini anajua. Lakini aliyekaa safu ya tatu naye ana noti, na wimbo haujaisha.

Wapo wanaoyaona mambo haya yote kuwa ni upuuzi usiomfaa Muislamu, na nawaheshimu kwa nia yao, kwani kupotea ndani ya anasa kupo na wote tunakujua. Hata hivyo katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Mtume, Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao na hii ndiyo yetu. Imepokewa pia kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akasimama nyuma ya Mtume akiwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Na tabasamu mbele ya nduguyo limehesabiwa kuwa sadaka. Hilo la mwisho nalipenda sana, kwa sababu sadaka hutoka kwako ikaenda kwa mwingine. Ukitabasamu mbele ya kioo hujatoa kitu.

Sikukuu zetu zinaifuata njia hiyo hiyo. Mtoto wa Unguja akiamka siku ya Idi anavaa nguo mpya na kuanza mzunguko: kwa shangazi, kwa ami, kwa jirani, kila nyumba mkono wa Idi. Zile sarafu na noti hazikai mfukoni. Jioni zinamwagwa Mnazi Mmoja na Kariakoo, na kwa wa Chake Chake ni Tibirinzi, kwenye pembea, bastola za maji, aiskrimu na vipupu vya kupuliza, siku nne mfululizo. Pesa zile zile mama angemnunulia mwanawe aiskrimu ile ile nyumbani, na ingekuwa tamu. Lakini mtoto anataka kuila akiwa na wenzake mia tano waliovaa nguo mpya kama yeye.

Kuna fundo ambalo hatupendi kulitaja, nalo ni jicho la husuda. Tunazungumza kushiriki furaha, na hapo hapo mwanamke anaficha mimba mpaka haifichiki, kijana anapata kazi nje hasemi mpaka ameshapanda ndege. Shelly Gable, mwanasaikolojia wa Marekani, amelichunguza hasa jambo la kumweleza mtu habari njema. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba kuisimulia neema kunaongeza furaha kupita ile iliyoletwa na neema yenyewe, na yote yanategemea aliyeambiwa kaipokeaje. Akishangilia na kuuliza zaidi, neema inakua. Akisema "hongera" huku anaangalia simu, inanyauka. Miaka miwili baadaye wakaona kwamba kwa wapenzi, namna mmoja anavyopokea habari njema za mwenzake inaeleza uimara wa uhusiano wao kuliko namna anavyopokea habari mbaya. Tulidhani rafiki wa kweli ni wa wakati wa dhiki. Wa wakati wa neema ni adimu zaidi.

Wazee wetu walikuwa na ufumbuzi wao juu ya jicho, na ni wa vitendo. Ukivua vizuri, kipande kwa jirani. Ukichinja, sahani kwa jirani. Futari ikiiva, bakuli linavuka uchochoro na bakuli jingine linarudi. Anayekula katika neema yako ana sehemu ndani yake, na ni vigumu kukionea kijicho kitu ambacho umekitia mdomoni. Siku hizi tunaiweka neema kwenye simu, watu mia mbili wanaiona na hakuna aliyeionja. Tumewaonyesha, hatujawashirikisha, kisha tunashangaa jicho limetoka wapi.

Na hapo ndipo inapokuja habari ya sare, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Harusi ya kwetu bila sare siku hizi haiitwi harusi. Inachaguliwa kanga moja, kila mwanamke wa mtaa anaijua bei yake, na siku ikifika wasioweza wanaumwa kichwa. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewacheka kwa mdomo. Lakini kukaa nyumbani usiku ule, tarumbeta linasikika mtaa wa pili, ni kuchekwa na kitambaa.

Alipoolewa binti wa kaka yangu, jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alituma salamu kwamba kichwa kinamuuma. Shangazi yangu alikuwa ameshavaa. Akavua kanga ya juu, akaikunja, akatoka nayo mlangoni na moja tu kiunoni na shela kichwani. Mnajua kwamba kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Akagonga kwa jirani, akamwambia: "Hii yako, hii yangu. Kichwa kinapoa ukikifunga." Wakaingia harusini pamoja, mmoja kaifunga kiunoni, mmoja kaitanda. Watu waliwatazama. Kisha mkwe mmoja mkubwa, mwenye doti zima na dhahabu zake, akavua kipande chake cha juu akamtupia mtumishi wa jikoni, na baada yake mwingine, na mwingine, mpaka wapishi wote wakawa ndani ya sare na masufuria yamebaki na mzee mmoja wa kuyachunga.

Picha ya usiku ule ninayo. Nusu ya wanawake wana kipande kimoja, wamebanana, wote vinywa wazi, na ukiniuliza leo nani alilipia kanga na nani hakulipia, siwezi kukuonyesha.